Kuku Aliyejeruhiwa Akiwa Amelalia Mayai

Katika boma nyingi za wadi ya Macalder/Kanyarwanda, kaunti ndogo ya Nyatike, kuku wa kienyeji hujitafutia chakula mwenyewe kuanzia alfajiri hadi jioni. Huparura nyuma ya jikoni, huingia kwenye mtama na mihogo, na wengine hufika hadi kando ya mashimo ya dhahabu. Huko ndiko wanakokutana na mbwa, mwewe, nguchiro na vipande vya waya. Kuku akiumia siku ya kawaida, mfugaji ana kuku mmoja wa kushughulikia. Akiumia baada ya kulalia mayai kumi na mawili kwa wiki mbili, mfugaji ana kuku mmoja na vifaranga kumi na wawili ambao tayari nyumbani wamepangiwa kazi: wa kuuzwa kwa ajili ya karo, wa kubaki kama mbegu, na mmoja wa kumkaribishia mgeni.

Ugumu ni kwamba kuku anayeatamia na kuku mgonjwa hufanana kwa mbali. Wote hujikunyata, hawatoki, na huonekana hawali. Kwa sababu hiyo kuku mwenye kidonda huachwa kiotani kwa kudhaniwa kwamba analalia tu, hadi harufu inapoanza kutoka. Na kinyume chake hutokea pia: kuku anayeatamia vizuri hutolewa, hupewa dawa asizohitaji, na mayai hupoa. Anayetaka kumtibu kuku wa namna hii ni lazima kwanza ajue kuku huyo anafanya nini kiotani.

Kinachoendelea kiotani

Kuku hatagi kila siku saa ile ile. Yai moja huchukua takriban saa 24 hadi 26 kutengenezwa, hivyo saa ya kutaga husogea mbele kidogo kila siku, hadi siku moja anairuka na kuanza upya. Kabla ya kutaga hutafuta mahali penye giza, palipofunikwa na palipo kimya. Kama mfugaji hakumwekea, atapata mwenyewe: chini ya ghala, katikati ya katani, ndani ya karai lililosahaulika. Akiona tayari kuna yai mahali, huvutiwa kutaga papo hapo. Ndiyo maana akina mama wengi huacha yai moja kiotani wanapookota mengine.

Mayai yakifika kumi au zaidi, mwili wa kuku hubadilika. Kichocheo kiitwacho prolaktini huongezeka katika damu yake, utagaji husimama, na manyoya ya tumboni hupungua ili ngozi yenye joto iguse mayai moja kwa moja. Yai lililotagwa wiki mbili zilizopita na lile la jana huanza kukua pamoja, kwa kuwa kiini hakikui hadi kipate joto. Kuanzia hapo ni siku 21. Kwa muda huo wote kuku huyageuza mayai kwa mdomo mara nyingi mchana na usiku ili kifaranga kisigande upande mmoja wa ganda.

Kuku wa aina zilizoboreshwa na taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, kituo cha Naivasha, wana silika ndogo ya kuatamia, kwa kuwa walichaguliwa kwa utagaji. Mfugaji aliyenunua kuku hao asishangae wakikataa kulalia. Kuku wa kienyeji asilia ndiye mlezi anayetegemewa, na mara nyingi ndiye anayepewa hata mayai ya wenzake.

Kuna jambo moja katika ratiba ya kuku anayeatamia ambalo mfugaji wa Macalder anapaswa kulishika kuliko mengine. Hutoka kiotani mara moja kwa siku, pengine mara mbili, kwa dakika kumi na tano hadi nusu saa hivi. Hukimbilia maji, hula haraka haraka, hutoa kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali, huoga vumbi na kurudi. Hutembea ametuna manyoya, akilia kwa sauti ya chini, hana habari na kinachopita. Dakika hizo ndizo mbwa na mwewe humpata. Na akinusurika hufanya kile ambacho mwenye nyumba haoni: hurudi moja kwa moja kwenye mayai, hukaa, na kidonda hufunikwa na manyoya.

Anaatamia au anaumwa?

Kuku anayeatamia akiwa mzima hutuna anaposogelewa, hunguruma na kudonoa mkono. Macho yake yako wazi. Undu wake, ule mnofu mwekundu wa kichwani, huweza kufifia kidogo baada ya wiki mbili kwa kuwa hataga na hali sana, lakini haugeuki kuwa wa buluu wala mweupe kabisa. Huinuka mwenyewe kwenda kula, na kile kinyesi kikubwa cha kila siku hupatikana nje ya kiota.

Anayeumwa hana hasira. Anayekubali kushikwa bila kudonoa, mwenye macho yanayofumba, bawa moja lililoshuka, au kinyesi kilichochafua mayai, huyo haatamii tu. Damu iliyokauka kwenye ganda la yai ni dalili nyingine, ingawa wengi hudhani inatoka kwenye yai lenyewe. Na harufu ya uvundo katika kiota ina sababu mbili tu za kawaida: yai viza, au kidonda.

Mfugaji asichanganye majeraha na ugonjwa wa Newcastle, ambao wengi hapa huuita kideri. Shingo iliyopinda, kinyesi cha kijani, kupumua kwa shida na kuku kadhaa kufa kwa siku chache si matokeo ya kung'atwa na mbwa. Hapo haifai kuwapeleka wengine sokoni kwa haraka; anayeitwa ni afisa wa mifugo wa wadi. Huduma za mifugo na udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni kazi ya serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kwa hivyo mfugaji anayemwita afisa huyo hamwombi hisani.

Saa ya kwanza

Kuku aliyetoka kinywani mwa mbwa hufa mara nyingi kwa mshtuko kabla hajafa kwa kidonda. Kwanza ni kumtoa machoni pa wenzake, kwa sababu kuku huvutiwa na rangi nyekundu na huendelea kudonoa palipotoka damu hadi wamalize. Awekwe ndani ya boksi au tenga lililofunikwa kwa kitambaa, penye joto, giza na utulivu. Watoto waambiwe wasimchungulie kila baada ya dakika mbili.

Ashikwe kwa namna inayofaa. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama binadamu. Hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua. Anayembana kifuani ili asipapatike anaweza kumkosesha hewa kabisa. Mabawa yashikwe yakiwa yamekunjwa kando ya mwili, kifua kiachwe huru. Kubebwa miguu juu kichwa chini, kama wanavyoning'inizwa kwenye bodaboda siku za soko, kunamwongezea madhara.

Damu ikitoka, pakandamizwe kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa bila kufunua funua. Maji yasimiminwe mdomoni, kwa sababu tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi na maji huingia mapafuni. Ncha ya mdomo ichovywe kwenye kikombe, anywe mwenyewe. Kijiko kikubwa cha sukari ndani ya lita moja ya maji humpa nguvu kwa saa chache za mwanzo. Baada ya hapo arudi kwenye maji ya kawaida.

Kidonda

Meno ya mbwa huacha tundu dogo kwenye ngozi na nyama iliyochanika sana ndani yake. Kwa hivyo manyoya yanayozunguka kidonda yakatwe kwa mkasi, yasing'olewe, kisha eneo lote lioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko kidogo cha chai kisichojaa sana kwa kila nusu lita. Maji hayo ni ya kuoshea tu. Chumvi nyingi ni sumu kwa kuku. Baada ya kuosha, dawa ya iodini kutoka agroveti ipakwe na kuachwa ikauke.

Maji ya kuoshea yatoke nyumbani. Katika eneo la Macalder, ambako mgodi mkubwa ulifungwa katika miaka ya 1960 na wachimbaji wadogo wanaendelea hadi leo, vidimbwi vya kuoshea mchanga wa dhahabu huwa na zebaki, na palipo na usindikaji wa mabaki huweza kuwa na sianidi. Maji hayo hayafai kuoshea kidonda wala kunywesha kuku, hata yakionekana maangavu. Boma lililo karibu na vidimbwi hivyo linafaa kuwa na chombo cha maji kivulini muda wote, kwa kuwa kuku mwenye kiu hachagui.

Kuna vitu vinavyopakwa ambavyo ni afadhali kuku angeachwa bila dawa: mafuta ya taa, oili chafu ya injini, maji ya betri, na unga wa vidonge vya binadamu vilivyobaki baada ya mtu kupona. Vitatu vya kwanza huunguza nyama iliyo hai. Cha mwisho huzoesha vijidudu dawa, ili siku mtoto wa nyumba hiyo anapougua, dawa ile ile isimfae. Kushona kidonda kwa uzi wa nguo nako hufungia uchafu ndani. Ngozi ya kuku ina uwezo mkubwa wa kujiunga yenyewe ikiwa safi.

Kwa kuku anayeatamia kuna katazo la ziada ambalo wengi hawalijui. Asipakwe kitu chochote chenye mafuta kifuani wala tumboni, iwe ni mafuta ya kujipaka, ya kupikia au marhamu. Ganda la yai lina matundu madogo mno ambayo kifaranga hupumulia. Mafuta yakitoka kwenye manyoya hadi kwenye ganda huyaziba, na kifaranga hufa bila yai kuonyesha dalili yoyote nje.

Adui mkubwa wa siku ya pili na ya tatu ni nzi. Tumbo la kuku anayeatamia lina joto na unyevu, mahali ambapo funza hustawi haraka. Kidonda kikaguliwe mara mbili kwa siku, na wakati mzuri ni ule anaotoka mwenyewe kwenda kula, kisha tena usiku kwa tochi, anapokuwa mtulivu. Funza wakionekana watolewe mmoja mmoja kwa kibano, paoshwe tena, na kukaguliwa tena saa chache baadaye.

Mguu uliovunjika chini ya goti unaweza kufungwa kwa kipande cha boksi gumu na kitambaa kwa wiki tatu hivi. Vidole vikiwa baridi au vikivimba, kifungo kimekaza mno. Bawa hukunjwa katika hali yake ya kawaida na kufungwa dhidi ya mwili bila kubana kifua. Lakini mfupa wa bawa ulio karibu na bega una hewa ndani yake na umeungana na njia ya pumzi; ukitokeza nje ya ngozi, usimwagiwe maji. Hilo ni la daktari wa mifugo, sawa na kidonda kinachotoa chakula shingoni au utumbo nje. Pale ambapo daktari hapatikani na kuku anateseka, kumchinja mapema ni huruma. Aliyekwisha kudungwa au kunyweshwa antibayotiki, hata hivyo, nyama na mayai yake hayaliwi hadi muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa uishe.

Abaki kwenye mayai au atolewe?

Hapa ndipo maamuzi hukosewa, kwa sababu mfugaji huyatazama mayai na kumsahau kuku. Swali la kwanza ni kidonda kiko wapi. Kikiwa mgongoni, shingoni au mkiani, na kuku anasimama, anatoka kula na kurudi, hakuna sababu ya kumtoa. Aachwe amalize siku zake, chakula na maji visogezwe hatua mbili tatu kutoka kiotani, na jogoo azuiwe asimpande. Kikiwa kifuani au tumboni, mguu ukiwa umevunjika, au ikiwa hajatoka kula kwa siku nzima, atolewe. Kuku anayeatamia tayari anaishi kwa akiba ya mwili wake na hupungua uzito kila siku. Hawezi kujenga nyama mpya huku akifunga.

Silika haimwambii aache. Ni kwa nguvu ya prolaktini ile ile kuku hukaa juu ya mayai huku funza wakimla, jambo linalowafanya watu waseme ni jasiri. Hana uchaguzi, mwenye uchaguzi ni mfugaji.

Mayai yakibaki bila mama, yasitupwe. Kiini kinaweza kuvumilia kupoa kwa saa chache, na joto la mchana la ukanda huu wa ziwa husaidia. Jua kali au bati lenye moto huua haraka kuliko baridi, hivyo yawekwe kivulini ndani ya nyasi kavu. Yasioshwe, kwa kuwa ganda lina utando wa kulizuia lisipenywe na vijidudu. Na ile imani kwamba kuku hulikataa yai lililoguswa na mkono wa mtu haina msingi.

Usiku, gizani, kila yai limulikwe kwa tochi ya simu kutoka upande wake mnene. Kuanzia siku ya saba yai lililo hai huonyesha mishipa myekundu kama utando wa buibui. Kufikia siku ya kumi na nne huonekana giza linalojongea, na nafasi ya hewa iliyo wazi upande mmoja. Lililo angavu lote halikuwa na mbegu. Yai ambalo halieleweki lipewe siku mbili tatu lirudiwe kumulikwa.

Njia bora ya kuyaokoa ni kuku mwingine anayeatamia, awe wa boma hilo au la jirani. Awekewe usiku, moja moja, chini ya kifua. Kuku wa kienyeji wa umbo la wastani hufunika mayai kumi hadi kumi na matatu. Yakizidi, yale ya pembeni hupoa kwa zamu na yote huharibika. La muhimu zaidi ni tarehe. Vifaranga wa kwanza wakishatoka, mama hukaa siku moja au mbili kisha huwaongoza nje, na mayai yaliyo nyuma kwa wiki nzima huachwa. Kwa hivyo mayai ya mgeni yawe na umri unaokaribiana na yake, na yaandikwe tarehe kwa penseli. Pasipokuwa na kuku mlezi, mwenye mashine ya kutotolesha katika kijiji anaweza kuyapokea, mradi aambiwe ukweli yamefikisha siku ngapi. Katika siku tatu za mwisho mayai hayageuzwi tena. Vifaranga huanza kulia wakiwa bado ndani ya ganda, na mama huwajibu.

Kumtuliza aliyetolewa

Kuku aliyetolewa kiotani ataendelea kuatamia hata sakafu tupu. Asizamishwe kwenye ndoo ya maji wala kupitishwa unyoya puani, mbinu ambazo bado zinatumika vijijini; kwa kuku mwenye jeraha zinaweza kumuua. Kinachofaa ni tundu lililoinuliwa lenye sakafu ya fito au wavu, lenye mwanga na hewa inayopita chini ya tumbo. Tumbo likipoa, baada ya siku tatu hadi tano hivi silika hulegea na hamu ya kula hurudi. Apewe mahindi yaliyopondwa, mboga, na dagaa waliosagwa kwa ajili ya protini, kwani katika Nyatike dagaa hawako mbali.

Anaporudishwa kundini asirudishwe mchana peke yake. Wenzake watakuwa wamepanga upya nani mkubwa nani mdogo, na mgeni hudonolewa. Awekwe kwenye kitulio usiku, ikiwezekana pamoja na kuku mwingine mmoja aliyekaa naye karibu na tundu siku mbili za mwisho, na mtu awepo kundi linapofunguliwa asubuhi. Jogoo akimwandama, atengwe tena kwa siku chache. Manyoya yaliyong'olewa na mbwa huanza kuchipuka baada ya wiki chache. Yale yaliyokatwa kwa mkasi wakati wa kuosha kidonda husubiri hadi kuku abadilishe manyoya, hivyo mnunuzi anayeona kipara kwenye mgongo ulioshapona asidhani ni ugonjwa wa ngozi.